Baridi inatoka chini: historia ya sakafu katika nyumba za Masisi

KIROLIRWE (Masisi) – Bati halivuji, ukuta wa mbao umezibwa kwa karatasi na udongo, mlango umefungwa. Hata hivyo, saa nane ya usiku watoto wanakunjana kama mbwa wadogo, na anayeweka mkono chini ya mkeka anakuta ubaridi kama wa maji ya mto. Katika milima ya Masisi wakaaji wengi wanalaumu upepo wa ukutani au tundu la bati. Sehemu inayosahauliwa ni ile wanayolalia, yaani sakafu.

Historia ya nyumba katika milima hii, tangu nyumba ya nyasi mpaka nyumba ya mbao, na kutoka nyumba ya mbao mpaka hema la bashi, ni historia ya watu waliotafuta kitu cha kuweka kati ya mwili na ardhi. Kila vita vilipopita, kitu hicho kilipotea mapema na kurudishwa mwisho. Wanaosaidia huhesabu mabati na mabashi. Sakafu haihesabiwi.

Moto katikati ya nyumba

Kabla ya misumari na mabati kufika, nyumba za wakulima na wafugaji wa milima zilijengwa kwa miti, mianzi, udongo na nyasi. Sakafu ilikuwa ardhi yenyewe. Ilipigwa mpaka ikakaza, ikapakwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kisha zikatandazwa nyasi kavu na mkeka juu yake. Kuzunguka nyumba ulichimbwa mfereji wa kupitisha maji ya mvua.

Ndani, moto uliwaka karibu kila siku. Watu wanaukumbuka kama moto wa kupikia tu, lakini ulifanya kazi nyingine pia: ulikausha udongo wa chini. Udongo mkavu hauchukui joto la mwili haraka kama udongo wenye maji. Ardhi iliyokaa chini ya moto na chini ya paa kwa miaka mingi inakuwa kama jiwe la jikoni. Inameza joto mchana na jioni, kisha inalitoa polepole usiku. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na moshi, na moshi uliumiza macho na vifua vya akina mama na watoto. Lakini baridi ya kutoka chini haikuwa tatizo lake kubwa.

Sakafu iliyoinuliwa

Mwaka wa 1928 serikali ya Ubelgiji iliunda Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kama CNKi, na kuipa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Mashamba ya kahawa, chai na pareto yakafunguliwa katika milima ya Kivu. Kuanzia mwaka wa 1937 mpaka 1955, utawala huohuo uliendesha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi, hasa upande wa Gishari, ili kupunguza wingi wa watu kule na kupata wafanyakazi huku. Mwaka wa 1954 watawa Watrapisti walifungua monasteri yao Mokoto, si mbali na Kitchanga. Katika miaka hiyo watu wa asili mbalimbali walikutana katika milima hii, kila mmoja na namna yake ya kujenga.

Wazungu walikuja na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini. Katika Kongo ya mwanzo, huko Boma na Matadi, mwishoni mwa karne ya 19, nyumba nyingi za wakubwa zilisimama juu ya nguzo. Sababu yake ilikuwa wazi. Huko chini karibu na bahari kuna joto kali, kuna unyevu, kuna mchwa. Hewa ikipita chini ya sakafu, nyumba inapoa na mbao hazioze upesi. Kwa nchi ya joto, ulikuwa ujenzi wa akili.

Lakini Masisi si Boma. Kila unapopanda mita 1 000, hewa inapungua joto kwa digrii kama 6, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2 000 juu ya bahari. Nafasi ileile iliyopoza nyumba ya Boma, huku inakuwa barabara ya baridi. Upepo wa usiku unaingia upande mmoja chini ya mbao, unatokea upande mwingine, na njiani unabeba joto la wote waliolala juu. Mwenye mali alijua la kufanya: aliziba msingi kwa mawe, akajenga mahali pa moto ndani, akaweka mazulia. Waliojenga nyumba za mbao baadaye bila fedha yake walipata sakafu tu, bila vitu vilivyokuwa vinaisaidia.

Baada ya Mobutu kutangaza mwezi wa Novemba 1973 kwamba mali za wageni zipewe Wazairi, mashamba mengi ya Masisi yakawa malisho ya ng'ombe. Miti ya mikalitusi ikaendelea kupandwa, na wapasuaji wa mbao wakapata kazi. Ubao ukawa kitu cha kununuliwa na mtu wa kawaida. Nyumba ya mbao inajengwa haraka kuliko ya udongo, na ikibidi inafumuliwa, mbao zinabebwa na kupigiliwa mahali pengine. Kwa watu wa eneo lililokuwa linaelekea miaka ya vita, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa.

Miaka ya bashi

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, na moto wa vita ukapanda mpaka Masisi. Maelfu na maelfu ya watu waliacha nyumba. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi zaidi ya 800 000 kutoka Rwanda waliingia upande wa Goma kwa siku chache tu. Waliwekwa juu ya mawe ya volkano ambako hata choo hakichimbiki. Watu karibu 50 000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwezi wa Mei 1996, wahamishwa waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Mokoto walishambuliwa na wengi wakauawa.

Ni katika miaka hiyo watu wa Kivu walizoea karatasi ya plastiki ya msaada, bashi. Bashi ni kitu kizuri. Inazuia mvua, ni nyepesi, mtu anaibeba kichwani. Lakini bashi moja haiwezi kuwa paa, ukuta na sakafu kwa wakati mmoja. Familia inapopewa moja, inaiweka juu, kwa sababu mvua haingoji. Chini kinabaki kipande cha gunia, kartoni, au majani ya migomba.

Mashirika yana kipimo chao. Kitabu cha Sphere, kilichotolewa mwaka wa 2000 ili kuweka viwango vya msaada duniani, kinataka kila mtu apate walau mita za mraba 3,5 za sakafu iliyofunikwa. Kipimo hicho kimesaidia watu wengi wasilale wakibanana. Lakini namba hiyo inahesabu upana. Mita tatu na nusu za matope yenye baridi ni mita tatu na nusu vilevile.

Baridi ya chini si jambo la raha tu. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba. Mwongozo huo ulionyesha kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wanapatwa zaidi na kikohozi, pumu na magonjwa mengine ya kifua. Mtoto ndiye anayelala karibu zaidi na ardhi.

Mbao juu ya mawe ya moto

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na mto wa mawe ya moto ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ilifunikwa, na watu kama 120 000 wakabaki bila nyumba. Walioanza kujenga tena walikuta jiwe jeusi lisilochimbika. Msingi wa kawaida ulihitaji nyundo, nguvu na fedha nyingi. Jibu la wengi likawa nyumba ya mbao iliyowekwa juu ya jiwe, na mabati juu.

Waliotoka Masisi waliwahi kuona nyumba kama hizo. Tofauti ilikuwa chini. Jiwe la volkano lina matundu na nyufa, na haliko sawa. Nyumba inayosimama juu yake kwa vipande vya mawe na miti inabaki na nafasi chini ya sakafu, hata kama fundi hakuikusudia. Wengine waliziba nafasi hiyo kwa mawe madogo na changarawe nyeusi, wengine waliiacha wazi. Kwa mtu anayetafuta joto, kuziba kunaonekana ni jambo la akili. Lakini katika bonde la volkano kuna sababu ya kufikiri mara mbili.

Mazuku

Watu wa Goma na Sake wanaliita mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua. Ni gesi ya kaboni inayotoka katika nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi na haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya mabondeni, mashimoni na mahali popote ambapo upepo haufiki. Inakuwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Mbuzi, mbwa na watoto wanaanguka kwanza, kwa sababu pua zao ziko chini. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kilichoanzishwa mwaka wa 1986, kimekuwa kikionya wakaaji kuhusu sehemu hizo. Upande wa Bulengo na kandokando ya ziwa ni kati ya sehemu zinazojulikana.

Hapo ndipo historia ya sakafu inageuka. Familia iliyotoka milimani ilijifunza kwamba upepo chini ya nyumba ni adui. Ikifika kwenye mawe ya Bulengo, upepo huohuo unaweza kuwa ndio unaofagia gesi kabla haijapanda kwenye mkeka. Atakayeziba kila tundu la chini mahali penye mazuku anaijengea gesi ghala chini ya watoto wake. Mahali pa namna hiyo ushauri ni mwingine kabisa: kutolala bondeni wala shimoni, kulala juu ya kitanda, kuacha hewa ipite chini, na kuwauliza wenyeji kabla ya kupiga hema. Na mahali panapojulikana kuua, hakuna sakafu inayotosha. Ni kuhama.

Walio mbali nao wanaikuta

Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, familia nyingi za Kivu zimepelekwa kuishi Marekani, Kanada na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Katika mwaka wa serikali ya Marekani uliomalizika Septemba 2016, Wakongo 16 370 walipokelewa nchini humo kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Baadhi yao hupanga nyumba za zamani, na chini ya nyumba kama hizo mara nyingi kuna nafasi ambayo mtu anaipita kwa kutambaa tu. Wanapopiga simu nyumbani wakati wa baridi, wanasema miguu inaganda ingawa mashine ya joto inawaka. Ni tatizo lilelile la Kirolirwe, lenye bili ya umeme juu yake.

Wazee wa Sweden na Finland walilitatua bila mashine. Ndani ya msingi wa mawe, kuzunguka nyumba yote, walilundika udongo mkavu kama benchi mpaka karibu na mbao za sakafu, ili upepo usipate njia. Kati ya mbao za juu na za chini walijaza unga wa mbao au majani makavu. Marekani ilishika njia nyingine: kwa miaka mingi mafundi waliamriwa kuacha matundu katika msingi ili unyevu utoke. Baadaye ilionekana kwamba kipindi cha joto hewa ya nje huingiza unyevu badala ya kuutoa.

Jaribio moja lilifanyika Princeville, katika jimbo la North Carolina. Mji huo ulianzishwa na watu walioachiwa kutoka utumwani, na mwaka wa 1999 ulifunikwa na mafuriko ya kimbunga Floyd. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walilinganisha nyumba 12 za mji huo. Zile ambazo nafasi ya chini ilifungwa na ardhi yake ikafunikwa na plastiki zilikuwa kavu zaidi, na zilitumia umeme mdogo wa kupasha na kupoza. Watu waliopoteza nyumba kwa maji ndio waliosaidia nchi yao kujifunza kuhusu sakafu.

Kazi inayoweza kufanyika Kirolirwe

Mafunzo hayo yote yanaweza kuletwa milimani, mbali na mazuku, kwa vitu vilivyopo.

Kazi ya kwanza ni maji. Hakuna kinachopasha sakafu iliyo juu ya matope. Mfereji wa kuzunguka nyumba, kama wa wazee, unatangulia kila kitu. Kipande cha bashi iliyochakaa kikitandazwa juu ya ardhi chini ya mbao na kushikiliwa na mawe, kinazuia unyevu usipande.

Kazi ya pili ni upepo. Upande unaopigwa na upepo unazibwa kwa mawe na udongo, ukiacha matundu mawili madogo yanayotazamana ili mbao zikauke. Udongo usiguse miti ya nyumba, maana unaleta mchwa na kuoza.

Kazi ya tatu ni kujaza. Chini ya miti inayobeba sakafu zinapigiliwa mbao nyembamba au mianzi iliyopasuliwa. Juu yake, kabla ya kurudisha sakafu, linawekwa tabaka nene la unga wa mbao uliokauka kabisa, uliochanganywa na chokaa kidogo dhidi ya wadudu. Kinachozuia baridi hapo ni hewa iliyonaswa katikati ya ule unga. Ndiyo maana ukilowa haufai tena, na nyasi mbichi hazifai tangu mwanzo.

Asiye na sakafu ya mbao anaweza kuondoa udongo wa juu, kuweka changarawe nyeusi ya volkano kimo cha kiganja, kisha kupiga udongo juu yake. Changarawe ina matundu, kwa hiyo maji hayapandi. Kitanda cha miti nacho kinasaidia, lakini kitanda kitupu ni sawa na ile nyumba ya Boma: baridi inapita chini. Gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi au ya maharagi chini ya mkeka linabadilisha usiku mzima.

Na jambo moja la kukumbuka kila usiku: nyumba ikizibwa vizuri, mbabula ya makala isibaki ndani watu wakilala. Moshi wake usioonekana unaua, hata mahali ambapo mazuku haijulikani.

Kurudi

Kirolirwe imekuwa kwenye njia ya vita mara nyingi. Katika miaka ya 2007 na 2008 ilikuwa ngome ya CNDP. Mwishoni mwa Januari 2023 M23 waliingia Kitchanga, na watu wa barabara hiyo wakashuka Sake na Goma. Mwezi wa Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, wengi walihama mara ya pili. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na mwezi uliofuata kambi nyingi za kuzunguka mji zikafumuliwa. Waliolala juu ya jiwe la volkano walianza kupanda tena milima, wengine wakiwa na bashi mgongoni.

Nyumba iliyoachwa mwaka mmoja au miwili haimngojei mwenyewe. Mbao ni kuni kwa yeyote anayepita, na ubao wa sakafuni unang'oka bila ngazi. Hata pale ambapo kuta zimesimama, ardhi ya chini imenyonya mvua za misimu mingi bila moto wa kuikausha. Nyumba inaonekana nzima ukiitazama kutoka barabarani, na usiku wa kwanza inawalaza watu kama wako nje.

Kwa hiyo orodha za wanaorudi zikiandikwa, kama na shirika, na chifu, au na kamati ya wahamishwa wenyewe, kunafaa kuwa na mstari mmoja zaidi baada ya mabati na misumari: mbao za sakafu ngapi, na magunia mangapi ya unga wa mbao. Wapasuaji wa mikalitusi wanao unga huo, na mara nyingi unatupwa au unachomwa. Mifereji inaweza kuchimbwa kwa kazi ya pamoja katika wiki ya kwanza, kabla mvua hazijaanza tena.